Alama Tisini na Moja za Kiti cha Waziri

Nchi ninayoisimulia haimo kwenye ramani, na wenyewe wanasema ni wivu tu wa wachora ramani. Niliajiriwa huko, katika Chuo Kikuu cha Taifa, nikawa karani wa Idara ya Mifumo ya Kompyuta kwa miaka kumi na minane. Kazi yangu ilikuwa kupokea barua, kugonga muhuri na kutokuwa na maoni. Hilo la tatu liliandikwa kwenye mkataba. Kwa hiyo nitaeleza yaliyotokea tu. Atakayecheka, amecheka kwa hiari yake, mimi sikumtuma.

Katika idara yetu alikuwapo mwalimu mmoja, Dokta Mbonea Kiduo, mtu mrefu mwenye vumbi la chaki kwenye mikono ya shati toka Jumatatu hadi Ijumaa. Alifundisha mifumo endeshi, yaani ile programu kubwa ndani ya kompyuta inayoamua nani atangulie na nani angoje. Alifundisha vizuri mno, na hilo ndilo lililomponza. Kanuni za kupanda cheo chuoni kwetu zilitoa pointi kwa kuhudhuria makongamano, kwa kukaa kwenye kamati, kwa kupokea wageni uwanja wa ndege, na kwa kuandika makala ambazo watu wasiopungua watatu wamekiri kwa maandishi kwamba hawakuzielewa. Kufundisha kulikuwa na pointi sifuri. Nilimuuliza ofisa utumishi sababu, akanieleza kwa upole kwamba mwalimu angefundisha hata asipotuzwa, na Serikali haiwezi kumtuza mtu kwa tabia yake.

Dokta Mbonea aliomba uprofesa mara sita, na mara sita faili lilirudi. Mara ya sita lilikuwa limeandikwa kwa wino mwekundu: "Mwombaji anaonekana kutumia muda mwingi na wanafunzi." Alilisoma akiwa amesimama mbele ya meza yangu, akalikunja taratibu.

"Ukweni wananiita Profesa," akaniambia. "Kila wakiniita, nageuka kuangalia nani amesimama nyuma yangu."

Sikuwa na maoni, lakini siku hiyo nilimpa chai yangu.

*

Mwaka huohuo Kiongozi wetu Mkuu alipata habari kwamba nchi jirani ina mawaziri wasomi. Alikosa usingizi wa mchana siku mbili. Siku ya tatu likatangazwa agizo: kila waziri asome na kufaulu walau somo moja la chuo kikuu linalohusu wizara yake, kabla mwaka haujaisha. Waziri wa Mifugo akapelekwa kusoma ng'ombe. Waziri wa Mito na Mabwawa akaomba udhuru kwa kuwa hajui kuogelea. Na Mheshimiwa Shangwe Baraguma, Waziri wa Mitambo Inayofikiri, akaletwa kwetu.

Alifika Alhamisi, saa nne asubuhi, na magari kumi na moja. Alikata utepe kwenye mlango wa darasa ambalo lilikuwa limetumika kwa miaka thelathini, kisha akahutubia.

"Wanafunzi wenzangu," alisema. "Leo sikuja kama Waziri. Nimekuja kama mwanafunzi wa kawaida, asiye na cheo, anayekaa kama mnavyokaa ninyi. Kwa hiyo naomba msimame, niondoke."

Tukasimama, akaondoka. Nyuma yake alibakiza vitu viwili. Cha kwanza ni kiti cha ngozi kilicholetwa kutoka wizarani, kikawekwa mstari wa mbele, na kibao chenye jina lake. Cha pili ni mlinzi wake, Koplo Stumai Lihawa, aliyeamriwa akilinde kiti hicho kila Alhamisi asije mtu akakikalia. Kwa mujibu wa Wizara, kiti kikiwapo na kikilindwa, Mheshimiwa amehudhuria.

Koplo Stumai alikuwa mama wa watoto wawili, mwenye uso mkavu wa kazi. Alhamisi ile alisimama kando ya kiti saa mbili nzima, mikono nyuma, macho kwa wanafunzi, kana kwamba kuna mmoja wao aliyepanga kukiiba.

"Afande, kaa," Dokta Mbonea alimwambia.

"Siruhusiwi kukalia kiti cha Mheshimiwa, Mwalimu."

"Basi vuta benchi ukae pembeni yake. Ukisimama hapo unawaziba wa nyuma."

Akavuta benchi. Wiki ya pili, kwa kuwa macho yalikuwa hayana kazi, yakaanza kuangalia ubaoni. Wiki ya tatu alikuja na daftari. Aliniambia kwamba si la kuandikia somo, ni la kuandikia matukio yanayohusu usalama wa kiti. Lakini nilipopita nyuma yake kupeleka orodha ya mahudhurio, niliona ameandika matukio mengi sana kuhusu kumbukumbu ya kompyuta na namna inavyogawiwa.

Wiki ya saba Dokta Mbonea alifundisha kitu kinachoitwa mkwamo. Alieleza hivi: wapishi wawili wako jikoni. Mmoja ameshika sufuria, anangoja mwiko. Mwingine ameshika mwiko, anangoja sufuria. Hakuna anayeachia alichonacho mpaka apewe cha mwenzake. Moto unawaka, maji yanakauka, na ukiwauliza, kila mmoja atakwambia yuko kazini.

Koplo Stumai akanyoosha mkono. Nadhani hata yeye mwenyewe alishangaa kuuona mkono wake juu.

"Mwalimu, hao wapishi hawazungumzi?"

"Hawazungumzi. Ni programu."

"Na aliyewaweka jikoni yuko wapi? Kwa nini hamwamuru mmoja aachie?"

Dokta Mbonea aliweka chaki chini. Wanafunzi sitini walikuwa wamekaa mle wiki saba wakinakili kila alichosema, pamoja na kikohozi. "Aliyewaweka jikoni," alisema, "ndiye tutakayemsoma leo."

Toka siku hiyo Koplo alikuwa akipewa mazoezi kama wenzake, akiyarudisha yamefanywa. Kila karatasi aliiandika juu: "Kwa niaba ya Mheshimiwa Waziri." Ndivyo alivyozoea kuandika kila kitu, hata barua ya ruhusa ya kumpeleka mtoto kliniki.

*

Mtihani ulifanyika wiki ya kumi na sita. Kiti kilikuwapo, Mheshimiwa hakuwapo. Koplo Stumai alikaa kwenye benchi lake, akafanya mtihani wote, akakusanya, akasimama tena kulinda.

Alipata tisini na moja. Aliyemfuata alipata sabini na nne.

Dokta Mbonea aliandika matokeo kwa mkono wake: Baraguma, Shangwe, hakuhudhuria. Lihawa, Stumai, tisini na moja. Niligonga muhuri nikapeleka utawala, na kabla sijarudi mezani simu ilikuwa inalia. Makamu Mkuu wa Chuo alimtaka Dokta, na mimi niende kuandika kumbukumbu.

Makamu alikuwa mtu wa maneno laini. Alimkaribisha Dokta kwenye kochi, akamsogezea bakuli la korosho.

"Dokta, hapa pametokea kosa dogo la uandishi," alisema. "Alama za Mheshimiwa umeziandika kwenye mstari wa mlinzi wake."

"Si kosa, Mheshimiwa Makamu. Aliyejibu ni yeye."

"Aliandika juu ya karatasi kwamba ni kwa niaba."

"Anaandika hivyo kila mahali."

"Basi ni mkweli kila mahali." Makamu akatoa faili nikalitambua, lilikuwa lile la uprofesa, wino mwekundu umefutwa vizuri. "Wewe ni mtu wa zamani hapa. Miaka ishirini na miwili. Inatuumiza sote kukuita Dokta. Rekebisha mstari mmoja, weka saini, na Jumatatu tutakuvalisha joho."

Dokta Mbonea aliomba siku mbili. Nilidhani atakataa palepale, na naandika hapa kwamba hakukataa. Alitoka na mafaili yote mawili kwapani, la matokeo na la uprofesa, akiyashika kama mtu aliyebeba mayai.

Kesho yake alimwita Koplo Stumai ofisini kwetu. Akamweleza yote bila kuficha, hata la joho.

"Mpe, Mwalimu," alisema Koplo. "Mimi nina watoto wawili na bosi mmoja. Alama nitazifanyia nini? Nikienda nazo sokoni hazinunui hata dagaa."

"Ni zako."

"Nilivyoingia mle nilikuwa sijui kwa nini kompyuta ya ofisi inaganda. Sasa najua. Hicho hawakiandiki kwenye mstari wa mtu mwingine. Mpe, upate cheo chako. Unakihitaji kuliko mimi."

 Nilimwona Dokta amefungua kalamu, akaifunga, akaifungua. Mwishowe aliiweka kwenye kopo pamoja na zingine.

"Nikisaini," alisema, "Alhamisi ijayo nitaingia darasani niwaambie nini?"

Hakusaini. Lakini nchi haiwezi kusimama kwa ajili ya kalamu moja. Seneti ya Chuo ilikaa na baada ya mjadala mrefu, uliojumuisha chakula cha mchana, ikaamua kwamba alama ni za kiti, kwa sababu kiti ndicho kilichohudhuria wiki zote kumi na sita bila kukosa, na kiti ni cha Mheshimiwa. Cheti kikatolewa. Faili la uprofesa likarudi mara ya saba, na wino wake ukiwa umerudi pia.

*

Mheshimiwa Baraguma sasa alikuwa mtaalamu, na mtaalamu hakosi mradi. Alizindua Mfumo Mkuu wa Vibali, mtambo ambao ungetoa ruhusa zote nchini kutoka mahali pamoja: ruhusa ya kujenga, ya kusafiri, ya kuoa, ya kuhama upande wa barabara. Wageni mia nne walialikwa kwenye hema kubwa. Idara yetu ilialikwa pia, kwa ajili ya kupiga makofi.

Mwananchi wa kwanza kuhudumiwa alikuwa mjane mmoja aliyetaka kibali cha banda la kuku. Mheshimiwa alibonyeza kitufe kwa kidole kilichovalishwa glavu nyeupe. Kwenye kioo kikubwa likatokea neno: SUBIRI.

Tukasubiri. Bendi ilipiga nyimbo zake zote, ikarudia. Saa ya kwanza ikapita, na ya pili. Wageni waliotaka kuondoka wakaambiwa kwamba ruhusa ya kutoka hemani nayo inatolewa na mtambo. Balozi mmoja alikuwa ameanza kupepewa. Mjane alisema kama ni usumbufu, kuku wataendelea kulala chumbani kwake kama kawaida.

Jasho lilikuwa linamtoka Mheshimiwa. Nyuma yake, mikono nyuma, alisimama Koplo Stumai. Nilikuwa karibu, nikasikia alipoinama.

"Mheshimiwa, wanangojeana."

"Nani?"

"Ofisi ya Mihuri na Ofisi ya Saini. Mihuri haigongi mpaka ione saini. Saini haisaini mpaka ione muhuri. Kila moja imelishika faili la huyu mama upande wake."

"Nani amekwambia hayo?"

"Wiki ya saba, Mheshimiwa. Kwenye orodha ya mahudhurio ulikuwapo."

Mheshimiwa alimwangalia. Kisha akaangalia kioo, akaangalia balozi, akasogea pembeni. Koplo Stumai akavua kofia, akakaa mbele ya mtambo, akaandika mistari minne. Aliamuru upande wa Saini uachie faili, Mihuri igonge bila kungoja, ndipo Saini ianze upya. Neno SUBIRI likafutika. Kibali cha banda la kuku kikatoka, na watu mia nne wakapiga makofi ya kweli, kwa sababu sasa waliweza kwenda haja.

Dokta Mbonea alikuwa kiti cha nyuma kabisa. Hakupiga makofi. Alikuwa anafuta miwani.

*

Walimkamata Koplo Jumatatu. Shtaka lilisema kwamba Koplo Stumai Lihawa, akiwa mtumishi wa umma, alipatikana hadharani na maarifa yanayodhaniwa kuwa mali ya Mheshimiwa Waziri. Adhabu yake ni miaka saba. Dokta Mbonea aliitwa kuwa shahidi wa Serikali.

"Shahidi," aliuliza mwendesha mashtaka, "maarifa haya uliyatoa kwa nani?"

"Kwa darasa."

"Mstari wa mbele, katikati, palikuwa na kiti cha nani?"

"Cha Mheshimiwa."

"Kwa hiyo yalikuwa yanaelekea kwa Mheshimiwa, mshtakiwa akayadaka njiani."

"Niliyasema kwa sauti. Hata popo wa darini waliyasikia."

Mwendesha mashtaka aliandika kitu pembeni, na nasikia wale popo walifuatiliwa.

"Chuo kimethibitisha kwamba Mheshimiwa alipata tisini na moja," aliendelea. "Je, leo anayo maarifa hayo?"

Mheshimiwa alikuwa amekaa mbele. Dokta Mbonea alimtazama, na akajibu kwa huruma, jinsi anavyomjibu mwanafunzi aliyekosea akiwa anajaribu. "Hana, Mheshimiwa Hakimu. Hakuwahi kupewa nafasi."

"Mmesikia," alisema mwendesha mashtaka. "Hana. Yaani yameibwa yote."

Hakimu alikuwa mwanamke mtu mzima, karibu na kustaafu, na watu wa umri huo wana uhuru wao. Alisoma jalada mpaka mwisho, akavua miwani.

"Mahakama imeridhika kwamba mshtakiwa anayo maarifa," alisema. "Chuo kinasema ni ya Mheshimiwa, na mahakama haina uwezo wa kubishana na Chuo. Basi mali irudi kwa mwenyewe. Mshtakiwa atamrudishia Mheshimiwa maarifa yote, mkononi mwake, si kwa msaidizi wala kwa kiti. Shahidi atasimamia, na atathibitisha kwa maandishi kwamba yamefika."

Mwendesha mashtaka aliomba yarudishwe siku hiyohiyo kabla ofisi hazijafungwa.

"Shahidi, inawezekana?"

"Yaliingia kwa wiki kumi na sita, Mheshimiwa Hakimu," alisema Dokta Mbonea. "Hayatoki haraka kuliko yalivyoingia."

*

Ndipo Mheshimiwa Baraguma alipoanza kuingia darasani kwa amri ya mahakama. Alhamisi ya kwanza alikuja na watu watatu wa kumwandikia. Koplo Stumai aliwatoa nje kwa adabu. Alhamisi ya pili alitoa hotuba ya dakika arobaini kuhusu umuhimu wa kusikiliza. Ya tatu alikaa kimya, Koplo akiwa ubaoni anaeleza wapishi wawili, Dokta akiwa nyuma na kalamu yake. Nilikuwa nimepeleka chaki.

Mheshimiwa alikunja uso. Akasogea mbele kidogo. Kisha akasema, polepole, kama mtu anayeshuka ngazi gizani:

"Hapo sijaelewa."

Walinzi wawili waliokuwa mlangoni waliangaliana. Katika historia ya nchi yetu neno hilo halikuwa limewahi kutoka kwenye kinywa cha waziri, na redio ya Taifa jioni ile ilitangaza kwamba Mheshimiwa ana mafua. Lakini Koplo Stumai alifuta ubao, akasema, "Wapi hasa, Mheshimiwa? Kwenye sufuria au kwenye mwiko?" na wakaanza upya.

Inaonekana neno likishatoka mara moja linajua njia. Wiki ya tisa, katika Baraza la Mawaziri, Kiongozi Mkuu aliuliza kwa nini mabwawa yamekauka. Kila waziri alitoa sababu kwa kujiamini. Ilipofika zamu ya Mheshimiwa Baraguma, alisema hajui, na akauliza kama kuna mtu humo ndani anayejua. Kimya kilichofuata, nimeambiwa, kilisikika mpaka jikoni. Taarifa ya habari ya saa saba mchana ilimwondoa wizarani.

Waziri mpya aliandika barua siku hiyohiyo, nikaipokea mimi. Alisema kwamba kwa kuwa maarifa husika ni mali ya Wizara, na kwa kuwa yeye amepata Wizara pamoja na vilivyomo, anathibitisha ameyapokea yote, hakuna yaliyopungua. Mahakama ikafunga kesi. Koplo Stumai aliachiwa, akafukuzwa kazi kwa utaratibu wa kawaida, na wiki iliyofuata akaja dirishani kwangu kujiandikisha mwaka wa kwanza, kwa jina lake. Chuo hakikuzitambua zile tisini na moja. Aliniambia haidhuru, mbegu anayo na shamba analijua.

Alhamisi iliyofuata, saa nne, Bwana Baraguma alikuja kwa miguu. Hakuna aliyemwita, hukumu ilikuwa imekwisha. Alikuwa na daftari la kurasa tisini na sita na kalamu mbili. Alisalimia, akatafuta nafasi mstari wa tatu, kati ya wanafunzi wawili ambao hawakusimama.

Alikaa hadi mwisho wa muhula. Mtihani aliufanya mwenyewe, jasho likidondokea karatasi, akawa wa mwisho kukusanya. Alipata thelathini na nane.

Nilikuwapo alipokuja kuchukua matokeo. Dokta Mbonea alimpa karatasi yake, akajiandaa kwa yale tuliyoyazoea: simu kwa Makamu, kadi yenye cheo cha zamani, machozi. Bwana Baraguma aliisoma ukurasa kwa ukurasa, mbele na nyuma.

"Mwalimu," alisema, "hizi sitini na mbili nilizokosa. Nilikosea wapi?"

 Miaka ishirini na mitatu, na kwa mingi yake mimi ni shahidi, watu walikuwa wamempitia pale wakiomba waongezewe alama. Dokta Mbonea alivuta kiti kingine kando ya meza, akakifuta vumbi kwa mkono wa shati.

"Kaa hapa," alisema. "Tuanze na swali la kwanza."

Saa kumi nilifunga kabati, nikawaaga. Hawakunisikia. Walikuwa bado kwenye swali la pili.